Ishike Isiponyoke: Mjadala wa Guildford Kuhusu Metali za Mionzi

Hoja iliyo mezani inasomeka hivi: hospitali za Afrika Mashariki ziache teknetiamu, zihamie galiamu na shaba. Mahali ni Guildford, kitongoji cha Sydney magharibi kilicho kwenye reli kati ya Merrylands na Yennora. Wanaojadiliana ni wanne: mkemia kijana wa Dar es Salaam, mfamasia wa dawa za mionzi aliyezaliwa Mombasa, mzee wa Lubumbashi aliyezeekea kwenye kazi za shaba, na mama wa Bukavu aliyewahi kupigwa picha ya tezi ya shingo. Watu hao wamebuniwa ili hoja zipate midomo. Hoja zenyewe, pamoja na majina, miaka na tarakimu zinazotajwa, ni za kweli.

Guildford haikuokotwa tu kwenye ramani. Kaskazini yake, kilomita chache, iko Westmead Hospital, moja ya hospitali kubwa za Australia. Kusini, ng'ambo ya mto Georges, iko Lucas Heights, makao ya ANSTO, shirika la nyuklia la nchi hiyo, na kinu chake kiitwacho OPAL. Kinu hicho cha megawati 20 kilijengwa na kampuni ya INVAP ya Argentina na kufunguliwa rasmi mwaka 2007, kikachukua nafasi ya HIFAR kilichofanya kazi tangu 1958. Mkazi wa Guildford anayeandikiwa picha ya mifupa au ya moyo anaishi kati ya kinu kinachozalisha metali na hospitali inayoidunga mshipani. Mkazi wa Kigoma au wa Beni hana bahati hiyo, na ndiyo maana mjadala huu hauwezi kuishia kwenye kemia peke yake.

Mkemia anaanza kwa tarakimu, na tarakimu zake ni nzito. Mwaka 2020 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo ya proPSMA, jaribio lililofanyika katika hospitali 10 za Australia kwa wanaume 302 wenye saratani ya tezi dume iliyo na hatari kubwa ya kusambaa. Kundi moja lilipimwa kwa njia ya zamani, yaani CT pamoja na picha ya mifupa ya teknetiamu. Kundi la pili lilidungwa galiamu-68 iliyofungwa kwenye molekuli ya PSMA-11, ambayo hutafuta protini iliyojaa juu ya seli za saratani hiyo, kisha likapita kwenye mashine ya PET-CT. Njia ya zamani ilipata usahihi wa asilimia 65. Galiamu ilipata 92. Tangu Julai 2022 Medicare, bima ya afya ya umma ya Australia, inalipia kipimo hicho.

"Mgonjwa wa Guildford apate 92, halafu baba yangu mdogo aliyeko Mbagala tumwambie atosheke na 65? Kwa lipi?" anauliza. "Tezi dume ni ileile."

Mzee anatikisa kichwa kukubali. Mfamasia ametulia.

"Mdogo wangu, umeitaja galiamu kana kwamba inatembea peke yake," anasema. "Ukidunga galiamu tupu, mwili unaidhania ni chuma. Ioni zake zinafanana na za chuma kwa ukubwa na kwa chaji, kiasi kwamba transferini, protini ya damu inayobeba chuma, huichukua na kuondoka nayo. Ikishachukuliwa, saratani yako haitaiona. Kilichokupa hizo 92 ni ile sehemu ya PSMA-11 iitwayo HBED-CC, iliyoishika galiamu kwa nguvu kuipita transferini, tena bila hata kuchemshwa. Tuanze na mshiko. Mashine zitafuata."

Hapo mjadala unafika penyewe. Dawa ya uchunguzi ya aina hii huwa na metali inayotoa mionzi, molekuli inayoikamata metali hiyo, ambayo wakemia huiita ligandi, na mara nyingi kipande cha tatu kinachoijua njia ya kwenda kwenye ugonjwa. Metali yenyewe haijui njia. Ikiponyoka katikati ya safari, mionzi inaendelea kutoka na kamera inaendelea kupokea, na daktari anajikuta anasoma picha ya mahali metali ilipokimbilia huku ugonjwa uko kwingine. Picha ya aina hiyo ni mbaya kuliko kukosa picha, kwa sababu hukosi kitu cha kuangalia.

"Ikiponyoka inakwenda wapi?" anauliza Mama.

"Kila moja na kwake, Mama," anajibu mfamasia. "Galiamu hubaki ikizunguka na damu. Shaba hukimbilia ini. Zirkoniamu hukaa mifupani. Teknetiamu isiyofungwa huingia kwenye tezi ya shingo, tezi za mate na tumbo."

"Tezi ya shingo? Basi mimi nilidungwa iliyoponyoka!"

"Hapana, Mama. Wewe ulidungwa isiyofungwa kwa makusudi."

Maelezo yake yanastahili kusikilizwa kwa utulivu. Teknetiamu inapotoka kwenye jenereta huwa imezungukwa na oksijeni nne, ikiitwa perteknetati, na ioni hiyo inafanana na iodini ya mwilini kwa ukubwa na kwa chaji. Tezi ya shingo haiwezi kuzitofautisha mlangoni. Kwa mgonjwa wa goita, kudanganyika huko kwa tezi ndiko kunakotoa picha. Watu wa Kivu wana historia yao katika jambo hili. Katika miaka ya 1960 watafiti wa Kibelgiji, akiwemo François Delange, walichunguza goita katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, wakipima kwa iodini ya mionzi jinsi tezi za wakazi zilivyoinyonya. Kisiwa chote kilikosa iodini, lakini goita ilijaa kaskazini kuliko kusini magharibi, na utafiti uliofuata ukaelekeza kidole kwenye muhogo usioandaliwa vizuri, ambao huacha mwilini thayosianati, kemikali inayozuia iodini kuingia kwenye tezi. Kwa hiyo Idjwi, kisiwa ambacho wasomaji wengi wa Kiswahili hukijua kwa mananasi na wakimbizi, kimo katika vitabu vya tiba ya tezi duniani kote.

Mama anasikiliza, kisha anauliza swali ambalo wengi huliogopa. "Na hiyo niliyodungwa, bado imo?"

Mfamasia hamfichi. Teknetiamu-99m hupungua nusu kila baada ya saa 6, na nyingi ya ile inayobaki hutoka kwa mkojo na choo. Inapomaliza kutoa mwali wake wa gama hugeuka teknetiamu-99, ambayo nusu-maisha yake ni miaka 211,000. Tarakimu hiyo inatisha mpaka mtu akumbuke kiasi chenyewe: sindano moja ina nanogramu chache tu za teknetiamu, na atomu inayochukua miaka laki mbili kuvunjika haitoi karibu chochote katika maisha ya mwanadamu. Mama anasema angependa kuwa alielezwa hivyo kabla ya kudungwa. Ana haki. Wagonjwa wengi huambiwa wasiwe na wasiwasi, na hakuna anayekaa kuwaeleza sababu.

Sasa mfamasia anaingia kwenye utetezi wake, na anaanzia kwenye kazi ya asubuhi. Jenereta ya teknetiamu ni safu ndogo ya alumina iliyozungushiwa risasi nzito. Alumina hiyo imenasa molibdenamu-99, inayotoka kwenye kinu cha nyuklia na kupungua nusu kila baada ya saa 66. Kila atomu ya molibdenamu inayovunjika huzaa, mara nyingi, teknetiamu-99m. Asubuhi mfamasia anapitisha maji ya chumvi: molibdenamu inang'ang'ania alumina, teknetiamu inashuka na maji. Wenyewe husema wanaikamua. Njia hiyo ilibuniwa katika maabara ya Brookhaven, Marekani, miaka ya 1950, na Walter Tucker na Margaret Greene, na hadi leo takriban asilimia 80 ya vipimo vya tiba ya nyuklia duniani vinaitegemea teknetiamu.

Kinachoshuka ni ile perteknetati. Imejitosheleza, haishikiki. Ili ikubali ligandi lazima irudishiwe elektroni ilizopoteza, na anayezirudisha ni bati. Kichupa cha dawa kavu kinapofika hospitali kina unga wa ligandi uliochanganywa na kloridi ya bati, umefungiwa ndani ya hewa ya nitrojeni. Mfamasia anaingiza maji ya teknetiamu kwa sindano kupitia mpira wa kifuniko, anatikisa, anasubiri. Kama ligandi ni MDP, aina ya fosfonati, dawa itakwenda kung'ang'ania kalsiamu mahali mfupa unapojijenga upya. Tatizo ni hewa. Sindano ikiingiza oksijeni ndani ya kichupa, bati linaharibika kabla ya kufanya kazi yake, perteknetati inabaki huru, na mgonjwa aliyekuja kwa ajili ya nyonga anaondoka na picha nzuri ya tezi ya shingo.

Ndiyo maana kuna kipande cha karatasi. Mfamasia anadondosha tone dogo karibu na ncha ya karatasi nyembamba, ndefu kama kidole, kisha anaisimamisha ndani ya chupa yenye asetoni kidogo. Asetoni inapanda taratibu. Perteknetati inapanda nayo hadi juu. Teknetiamu iliyofungwa inabaki chini, palepale tone lilipoangukia. Anakata karatasi vipande viwili, anapima mionzi ya kila kimoja, anapiga hesabu ya gawio. Ikiwa iliyofungwa haifiki kiwango, ambacho mara nyingi ni asilimia 90 au 95 kutegemea dawa, kichupa hakimfikii mgonjwa. Kazi yote hiyo huisha kwa dakika chache, na haihitaji zaidi ya karatasi, asetoni, mkasi na kipimo cha mionzi ambacho maabara inacho tayari.

"Hiyo ndiyo kemia inayowezekana Mwanza," anasema mfamasia. "Bugando wana tiba ya nyuklia. Ocean Road, Dar es Salaam, wanayo. Mulago, Kampala, wanayo. Kamera za gama wanazo. Huwezi kuniambia niache kitu kinachofanya kazi kwa bati na karatasi."

Mkemia anakiri kwamba kazi hiyo ni ya kusifiwa, ila haoni kwamba inatosha. Teknetiamu, anasema, inasimama juu ya vinu vichache vinavyozeeka. Kinu cha NRU kule Chalk River, Kanada, kilizimwa Mei 2009 na hakikuwaka hadi Agosti 2010. Katikati ya kipindi hicho, Februari 2010, kinu cha Petten, Uholanzi, nacho kikafungwa kwa matengenezo kwa miezi kadhaa. Hospitali za nchi tajiri zilijikuta zikipanga foleni za wagonjwa kwa kufuata ratiba ya vinu. OPAL yenyewe, majirani zetu wa Lucas Heights, ilizimwa kuanzia Julai 2007 hadi Mei 2008 kwa sababu ya kasoro za bamba za fueli. Kinu kikubwa cha Afrika katika biashara hiyo, SAFARI-1 cha Pelindaba, Afrika Kusini, kimekuwa kikifanya kazi tangu 1965.

"Kikikohoa kinu kimoja, Mwanza inalala njaa ya picha," anasema. "Shaba haihitaji kinu."

Anazungumzia shaba-64. Hutengenezwa kwa saiklotroni, mashine inayorusha chembe kwa kasi, kwa kupiga nikeli-64 kwa protoni. Hupungua nusu kila baada ya saa 12.7, na hutoa pozitroni zinazoonekana kwa PET. Ndugu yake, shaba-67, ina nusu-maisha ya saa kama 62 na hutoa miale ya beta inayoweza kuua seli za saratani. Kwa kuwa zote mbili ni shaba, kemia yake ni moja: molekuli ileile inayopiga picha inaweza kubeba tiba, na daktari akajua kwamba dozi ya tiba itakwenda palepale alipopaona. Anayetumia galiamu kwa picha hulazimika kugeukia metali nyingine, kwa kawaida luteshiamu-177, na metali mbili tofauti hazishikwi sawasawa.

Mzee aliyekuwa kimya anachangamka kusikia shaba.

"Wanangu, mnataja shaba na hamtaji ilikotoka. Mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, uligunduliwa 1915. Kuanzia 1922 Union Minière ilikuwa ikisafisha radiamu yake huko Olen, Ubelgiji, na radiamu hiyo ilitibu saratani za watu wa Ulaya. Urani yake ikaenda kwenye mabomu ya Marekani. Kinu cha kwanza cha nyuklia barani kiliwashwa Kinshasa mwaka 1959, kikaitwa TRICO. Leo shaba na kobalti ya kwetu iko kwenye kila simu. Halafu mnaniambia shaba inatibu watu Sydney. Watu wa Kolwezi watatibiwa lini?"

Si swali la kupita juu juu. Mkemia anamjibu kwa heshima, lakini hakubali kila sehemu ya dai lake. "Mzee wangu, kuhusu Shinkolobwe sina la kupinga. Ila shaba-64 haichimbwi. Dozi moja ya megabekereli 200 ina shaba ya mionzi isiyofika nanogramu mbili. Mwili wa mtu mzima una shaba ya kawaida kama miligramu 100, yaani zaidi ya mara milioni 50 ya hiyo. Katanga haihitajiki hapo. Shaba ya kawaida, tena, ni adui: ikiingia hata chembe kwenye kichupa inapora ligandi. Ndiyo maana kwenye maabara hizi hatuchoti kemikali kwa kijiko cha chuma, tunatumia plastiki."

Mfamasia anaingilia kwa kumtetea Mzee kwa njia asiyoitarajia. Katika kichupa cha sestamibi, dawa ya teknetiamu ya kupiga picha ya moyo iliyotokana na kazi ya Alan Davison wa MIT na Alun Jones wa Harvard, ligandi husafiri zikiwa zimeshikwa na shaba ya kawaida. Kichupa kinapochemshwa pamoja na teknetiamu, shaba inaachia, na ligandi sita zinahamia kwenye teknetiamu na kuizunguka pande zote. Dawa inayozaliwa ina chaji chanya, hupenya hadi kwenye mitokondria za misuli ya moyo na kukaa humo. "Kwa hiyo shaba imo moyoni mwa kazi yetu muda mrefu, Mzee," anasema. "Ni vile tu hakuna aliyeitaja."

Kinachombakiza mkemia kwenye shaba ni kizimba. Shaba yenye chaji mbili ina tabia ya kubadilisha washikaji haraka haraka, na ndani ya seli inaweza kupokea elektroni moja, ikageuka umbo na kulegea. DOTA, ligandi maarufu inayozifaa metali nyingi, huishika shaba kwa mshiko wa wasiwasi, na shaba inayovuja hudakwa na protini za ini. Jibu lilikuwa limelala New South Wales na Canberra kwa miaka mingi. Alan Sargeson, mzaliwa wa Armidale aliyesomea kemia University of Sydney chini ya Francis Dwyer na baadaye kufanya kazi Australian National University, alikuwa akicheza na kobalti. Mwaka 1977 yeye na wenzake walitangaza kwamba wamechukua ioni ya kobalti iliyoshikwa na molekuli tatu za ethilinidayamini, wakaongeza formaldehidi na amonia, na vipande hivyo vikajishona vyenyewe kuizunguka kobalti mpaka ikabaki ndani ya kizimba kilichofungwa pande zote. Baadaye vizimba vya jamii hiyo viliitwa sarkofajini, na wakemia wakajifunza kuing'oa kobalti na kuacha kizimba kitupu chenye nitrojeni sita zinazotazama ndani.

Shaba ikiingia humo haitoki kirahisi. Hata ikibadilika chaji, kuta ziko pande zote. Sargeson alifariki mwaka 2008, wakati kizimba chake kilikuwa bado hakijafika hospitali. Paul Donnelly wa University of Melbourne na wenzake ndio waliokiunganisha na vipande vinavyoijua njia ya saratani, na kampuni ya Sydney iitwayo Clarity Pharmaceuticals ikakichukua. Mwaka 2019 zilichapishwa picha za wagonjwa 10 wa Peter MacCallum Cancer Centre, Melbourne, waliodungwa shaba-64 katika kizimba kilichobeba oktreotati, kipande kinachoijua njia, kwa ajili ya uvimbe wa seli za neva na homoni. Picha za saa 4 na za saa 24 baadaye bado zilikuwa kali, na ini lilikuwa limejisafisha. Dawa ya jamii hiyo kwa tezi dume imefika awamu ya tatu ya majaribio.

"Saa 24," anarudia mkemia. "Galiamu saa 24 baadaye ni hadithi tu."

Hapa mfamasia ana kete ambayo mkemia hakuitaka. Septemba 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha shaba-64 iliyoshikwa na DOTA, ileile inayovuja, kwa uvimbe wa aina hiyohiyo. Picha hupigwa ndani ya saa chache za mwanzo, kabla uvujaji haujawa na madhara makubwa kwa usomaji, na watafiti wa Copenhagen walikuwa wameonyesha kwamba inaona vidonda ambavyo galiamu ilivikosa. "Mshiko kamili ni jambo zuri," anasema, "lakini mgonjwa anahitaji mshiko unaotosha kwa muda wa picha. Usimfanye asubiri kizimba miaka kumi."

Mkemia anakubali, kwa shingo upande. Anaongeza kwamba kwa tiba ya shaba-67, inayokaa mwilini siku kadhaa, mshiko wa wasiwasi hautoshi, na hapo hakuna aliyembishia.

Kwa maoni ya mwandishi, kete kubwa ya shaba wala si kizimba. Ni saa, na hesabu ya barabara inaonyesha hivyo. Treni ya SGR kutoka Nairobi hadi Mombasa huchukua kama saa tano au sita. Galiamu-68, inayopungua nusu kila dakika 68, ikisafiri saa sita inabaki chini ya asilimia 3. Florini-18, inayotengenezwa na saiklotroni za Nairobi, inabaki kama asilimia 10. Shaba-64 inabaki asilimia 72. Ikilala njiani, saa 24 zikipita, bado ina zaidi ya robo. Kwa nchi ambayo PET zake zimekusanyika Nairobi na pembezoni mwake, katika Aga Khan na hospitali ya rufaa ya Kenyatta University, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mgonjwa atasafiri au dawa itasafiri.

Mtetezi wa galiamu atasema jenereta yake inaweza kukaa hospitali yoyote, kwa sababu jermaniamu-68 inayoizaa hupungua nusu kwa siku 271, na jenereta moja hukaa karibu mwaka. Ni kweli, na ni hoja nzuri. Lakini jenereta hiyo ni ghali, kila mkamuo hutosha wagonjwa wachache, na bado inahitaji kamera ya PET. Shaba nayo inahitaji kamera hiyohiyo, pamoja na nikeli-64 iliyorutubishwa ambayo bei yake haina huruma, na kituo cha kushughulikia shabaha ngumu ambacho saiklotroni iliyojengwa kwa ajili ya florini haiji nacho yenyewe. Anayeandika bajeti ya wizara asidanganywe na uzuri wa kizimba.

Lakini hoja ya mkemia ya 92 dhidi ya 65 ina tundu ambalo yeye mwenyewe hakuliona. Jaribio la proPSMA halikulinganisha galiamu na teknetiamu zikiwa na ligandi moja. Lililinganisha molekuli inayoitafuta saratani yenyewe na molekuli inayotafuta mfupa uliosumbuliwa. Mexico walilishika jambo hilo mapema: watafiti wa taasisi yao ya nyuklia walitengeneza kichupa kinachofunga teknetiamu-99m kwenye kipande cha PSMA kwa ligandi iitwayo HYNIC. Poland wanatengeneza kichupa cha namna hiyo kwa uvimbe wa neva na homoni. Picha ya kamera ya gama haifikii PET kwa ukali, hilo lisifichwe, ila inaitafuta protini ileile, kwa jenereta ileile, kwa bati lilelile, na kwa kamera ambayo Mwanza na Kampala tayari wanayo.

"Kwa hiyo baba yako mdogo wa Mbagala," mfamasia anamwambia mkemia, "shida yake haikuwa metali. Alipewa ligandi isiyomjua."

Mkemia anakaa kimya kidogo, kisha anaibadilisha hoja yake mwenyewe mbele ya wote. Anaondoa neno "ziache". Anataka sasa isomeke: hospitali za Afrika Mashariki zibakie na teknetiamu, ziipe ligandi mpya, na saiklotroni moja ya Nairobi iandaliwe kutengeneza shaba. Mfamasia anaunga mkono mambo mawili ya kwanza. La tatu anataka kwanza aone bei ya nikeli, makubaliano ya forodha kati ya Kenya, Tanzania na Uganda kuhusu mizigo ya mionzi isiyoweza kusubiri mpakani, na dawa ya shaba iliyosajiliwa na mamlaka za huko. Mwandishi yuko upande wake katika hilo la forodha zaidi ya yote: nusu-maisha ya saa 12.7 haina maana kama lori litalala mpakani Namanga.

Mzee hakubaliani na hoja mpya pia. Anasema imesahau Kongo. Kutoka Lubumbashi, SAFARI-1 iko kusini, Nairobi iko kaskazini mashariki, na hakuna aliyepiga hesabu ya saa za kufika Kolwezi. Mama anamuunga mkono: "Papa anasema kweli. Na Bukavu msiisahau." Mkemia anachukua kalamu, anaanza na safari ya ndege kutoka Johannesburg hadi Lubumbashi, na jenereta ya molibdenamu inayopoteza asilimia 22 ya nguvu yake kila siku.